Louay Kayyali na Swali la "Kisha Nini?"

Mwezi Aprili mwaka 1967, jijini Damascus, ilitundikwa ukutani michoro 30 ya mkaa. Mchoraji wake alikuwa mwalimu wa sanaa mwenye umri wa miaka 33, jina lake Louay Kayyali, mzaliwa wa Aleppo. Maonyesho yale aliyaita "Katika Njia ya Kadhia". Neno hilo kadhia, ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu kwa maana ya jambo au tukio, kwa Waarabu wa wakati ule lilikuwa na uzito wa pekee: lilimaanisha Palestina, wakimbizi wake na ndoto ya kuikomboa. Baada ya Damascus, michoro ilizungushwa katika miji mingine ya Syria. Leo hakuna makumbusho yanayoihifadhi, wala tajiri anayejivunia kuwa nayo, kwa kuwa mchoraji mwenyewe aliiharibu.

Nimekuwa nikiisimulia habari hii darasani kwa miaka kadhaa, kila anapojitokeza mwanafunzi kuuliza swali ambalo haliishi kuulizwa: je, msanii, mwandishi au msomi ana wajibu gani kwa taifa lake? Swali hilo huulizwa kana kwamba kuna milango miwili tu. Ama uingie katika harakati na kuziimba sifa zake, ama ukae kando na sanaa yako safi isiyoguswa na vumbi la siasa. Maisha ya Kayyali yamenifanya niamini kwamba swali hilo limekaa upande. Kabla ya kuuliza kama msanii anaitumikia kadhia, inatupasa kuuliza kama kadhia yenyewe bado inawaona watu ambao kwa jina lao imeanzishwa.

Kayyali alizaliwa mwaka 1934, Syria ikiwa bado chini ya udhamini wa Ufaransa. Aleppo, ambayo wenyeji huiita Halab, ilikuwa mji wa biashara tangu kale: ngome juu ya kilima katikati ya mji, masoko marefu yaliyoezekwa kwa matao ya mawe, na wakazi wa dini na lugha mbalimbali, wakiwemo Waarmenia waliokimbilia huko baada ya mauaji ya mwaka 1915. Alianza kuchora akiwa na miaka 11. Alipotimiza miaka 18, mwaka 1952, alikuwa tayari ameonyesha kazi zake hadharani.

Kati ya penseli yake ya kwanza na maonyesho yake ya kwanza, nchi ilipita katika misukosuko ambayo mtoto yeyote mwenye macho hakuweza kuikosa. Wanajeshi wa mwisho wa Ufaransa waliondoka mwaka 1946. Mwaka 1948 Palestina ikavunjika, na wakimbizi wake wakaingia Syria na nchi jirani. Mwaka 1949 pekee yalifanyika mapinduzi matatu ya kijeshi. Kizazi cha Kayyali kilijifunza mapema kwamba mtu aweza kulala chini ya serikali moja na kuamka chini ya nyingine, na kwamba kila serikali mpya huja na neno lake tukufu la kuwataka wananchi wavumilie.

Mwaka 1954 alianza kusomea sheria, lakini hakumaliza. Mwaka 1956 alipata ufadhili wa kwenda Roma kusoma katika chuo cha sanaa, akakaa huko hadi mwaka 1961. Alipata tuzo katika mashindano ya nchini Italia, na mwaka 1960 yeye na Fateh al-Moudarres, mchoraji mwenzake kutoka Aleppo, waliiwakilisha nchi yao katika maonyesho makubwa ya kimataifa ya Venice. Wakati huo hata jina la nchi yenyewe lilikuwa limebadilika. Tangu Februari 1958 Syria ilikuwa imeungana na Misri chini ya Gamal Abdel Nasser, na muungano huo ulivunjika Septemba 1961, mwaka uleule Kayyali alipohitimu. Machi 1963 chama cha Baath kilitwaa madaraka kwa mapinduzi. Februari 1966 kundi moja ndani ya chama hicho likalipindua kundi jingine.

Aliporudi nyumbani aliajiriwa kufundisha katika taasisi ya sanaa ya Damascus, ambayo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1960 na baadaye ikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Damascus. Kwa hiyo alikuwa mtumishi wa umma. Nalitaja jambo hili makusudi, kwa sababu wengi wanaosoma makala zangu ni watumishi wa umma au wanafunzi wanaoandaliwa kuwa watumishi. Kayyali hakuwa mtu wa pembezoni. Alisomeshwa kwa fedha ya umma, akalipwa mshahara na umma, na aliamini kwa dhati kwamba alikuwa na deni la kulipa.

Alilipaje deni hilo? Kwanza kabisa, kwa kuwachora watu ambao hakuna aliyewaomba ruhusa kabla ya kuwafanya kuwa hoja ya hotuba. Alimchora mvulana anayeuza magazeti, muuza tiketi za bahati nasibu, mtoto anayeng'arisha viatu, mwanamke anayeshona, mama aliyempakata mwanawe, na wavuvi wa kisiwa cha Arwad pamoja na nyavu zao. Alichora pia nyumba za Maaloula, kijiji kilichojengwa ubavuni mwa mwamba, nyumba moja juu ya nyingine. Mara nyingi alitumia rangi ya mafuta juu ya hadibodi, mbao nyepesi za kubanwa ambazo fundi seremala huzitumia kuzibia mgongo wa kabati. Hadibodi hunyonya rangi, na kwa hiyo picha zake hazing'ai. Zimetulia, kana kwamba zimepakwa ukutani.

Namna yake ya kuchora ni rahisi kuitambua. Umbo la mtu huzungushiwa mstari mzito wa rangi nyeusi, mstari mmoja mrefu usiositasita, unaoshuka kutoka begani hadi kwenye kiganja. Nyuma ya mtu huyo mara nyingi hakuna kitu: hakuna mtaa, hakuna duka, hakuna mteja. Kuna rangi tupu iliyofifia. Muuza tiketi hakuzungukwa na umaskini wake ili tumhurumie. Ameondolewa sokoni na kuwekwa peke yake, kama watawala walivyokuwa wakiwekwa katika picha za zamani. Macho yake mara nyingi yametazama chini au pembeni. Hatuombi kitu. Ukimtazama kwa muda, unaanza kuhisi kwamba wewe ndiye uliyeingia katika faragha yake bila kubisha hodi.

Mimi nilizifahamu kazi hizi nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, wakati vita vya Syria vikiwa vimekwisha kuanza. Mwenzangu mmoja tuliyeshirikiana ofisi ya wanafunzi, mtu wa Aleppo, alikuwa amebandika juu ya meza yake nakala ya picha ya mvulana muuza tiketi. Nilidhani ni ukumbusho wa nyumbani tu, kama ambavyo mwingine angebandika picha ya bahari au ya msikiti. Akanieleza kwamba kwao picha ile ilining'inizwa sebuleni, nakala ya karatasi kama hiyohiyo, na kwamba mama yake, kila aliposikia mmoja wa watoto akimsemea vibaya mchuuzi mlangoni, hakugomba. Alimwita mtoto huyo, akamsimamisha mbele ya picha, akamwambia akae hapo mpaka atakapoweza kueleza yule mvulana anafikiri nini. Nimesoma nadharia nyingi kuhusu uhusiano wa sanaa na siasa. Sikumbuki iliyolieleza jambo hilo vizuri kuliko mama yule.

Mwaka 1965 Kayyali alichora picha ambayo huenda ndiyo mashuhuri kuliko zote alizochora, aliyoiita "Kisha Nini?". Ni picha ya wakimbizi wa Kipalestina, watu waliosongamana, wakubwa na wazito kama sanamu, walioondoka mahali fulani na ambao hawajafika popote. Wakati huo ilikuwa imetimia miaka 17 tangu Wapalestina walipopoteza makazi yao. Katika miaka hiyo 17 kila serikali ya Kiarabu ilikuwa imetoa ahadi zake, na redio za Cairo na Damascus zilikuwa zimetangaza ushindi ujao mara zisizohesabika. Mchoraji hakutoa ahadi nyingine. Aliuliza swali ambalo mkimbizi mwenyewe hujiuliza baada ya hotuba kwisha na umati kutawanyika.

Hapo ndipo tunapoifikia michoro ya mkaa ya mwaka 1967. Wakati maonyesho yale yanafunguliwa Damascus, hali ilikuwa ya joto kali. Tarehe 7 Aprili ndege za Israeli ziliziangusha ndege sita za kivita za Syria katika mapambano ya angani. Serikali ya Baath ilikuwa ikizungumzia vita vya ukombozi vya umma, na vyombo vya habari viliwaandaa wananchi kwa ushindi. Katika hali hiyo, mtu aliyesifika kwa nyuso tulivu na rangi za upole aliweka rangi kando, akashika mkaa, akachora mateso: miili iliyojikunja, watu waliobanwa, hofu na ghadhabu. Mkaa hauna rangi ya kubembeleza jicho. Anayeutumia ameamua kusema kwa giza na mwanga tu.

Bila shaka alitarajia kueleweka. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameiweka sanaa yake yote mbele ya kadhia, waziwazi, hata katika jina la maonyesho. Kilichomrudia kilikuwa ukosoaji mkali. Palikuwa na walioona kwamba michoro ile imejaa kukata tamaa kupita kiasi, na palikuwa na walioutilia shaka ukweli wa uchungu wake. Ukitafakari, utaona kwamba lawama za namna hii ndizo zinazomkabili hadi leo kila anayeleta habari isiyopendeza. Kwanza huambiwa kwamba anavunja watu moyo. Kisha huulizwa ametumwa na nani. Swali la tatu, yaani kama anachosema ni kweli, mara nyingi halifikiwi kabisa.

Tarehe 5 Juni vita vilianza. Tarehe 10 Juni vilikuwa vimekwisha. Misri ilipoteza Sinai, Jordan ilipoteza Ukingo wa Magharibi na Jerusalem ya Mashariki, na Syria ilipoteza Milima ya Golan. Asubuhi ya siku ile ya mwisho, redio ya Damascus ilitangaza kwamba mji wa Quneitra, ulio katika Golan, umekwisha kutekwa, ilhali wanajeshi wa Israeli walikuwa hawajaingia mjini. Baada ya tangazo hilo askari wengi waliacha ngome zao na kukimbia. Waziri wa ulinzi wa wakati ule alikuwa Hafez al-Assad, ambaye miaka mitatu baadaye, Novemba 1970, alitwaa nchi, akaitawala mpaka alipofariki mwaka 2000 na kumrithisha mwanawe.

Naomba tuliangalie jambo hili kwa utulivu. Katika miezi miwili ya mwaka mmoja, mji mmoja ulisikia sauti mbili. Moja ilikuwa ya mchoraji aliyeonyesha watu wanaoteseka na hatari inayowakaribia, akashutumiwa kwa kukatisha tamaa. Nyingine ilikuwa ya redio ya dola, iliyoahidi ushindi hadi saa za mwisho, kisha ikatangaza kushindwa kabla hakujatimia. Mchoraji alilaumiwa, akavunjika. Aliyekuwa waziri wa ulinzi akawa rais. Sijui kama historia ya karne ile ina mfano ulio wazi zaidi wa jinsi jamii inavyoweza kumwadhibu anayeiona hatari na kumtunuku anayeisababisha. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Walisema hivyo, nadhani, kwa sababu walijua jinsi mkono unavyowasha mtu anapoletewa habari asiyoitaka.

Baada ya kushindwa kule, Kayyali aliiharibu michoro yote 30. Akaacha kuchora. Akaugua sonona, akapelekwa kutibiwa, na hatimaye akaacha pia kufundisha na kurudi Aleppo. Kuna desturi mbaya ya kuyasimulia maradhi ya wasanii kana kwamba ni pambo la kipaji chao, eti mtu hawezi kuwa mkubwa bila kuumia akili. Naikataa desturi hiyo. Sonona ni ugonjwa. Unampata mchoraji, unampata karani wa wizara, unampata mwanafunzi aliye katika muhula wake wa mwisho, na anayeugua huhitaji tiba na watu wa kukaa naye. Hata hivyo, ni kweli pia kwamba ugonjwa humkuta mtu mahali fulani, katika nchi fulani, baada ya siku fulani. Kayyali ulimkuta akiwa amepoteza kwa mkupuo nchi aliyoitumaini na wasikilizaji aliodhani wapo upande wake.

Watu wengi huyaona maangamizi ya michoro ile kama mwisho wa hadithi yake. Mimi nayaona kama katikati, kwa sababu katika miaka ya mwanzo ya 1970 alishika tena brashi, na alichokichora baada ya hapo ndicho kinachonigusa zaidi. Hakurudia mkaa wala ghadhabu. Hakujiunga pia na waliokuwa wakitengeneza picha za viongozi, biashara iliyostawi sana Syria katika miaka ile. Alirudi kwa watu wake wa awali: muuza magazeti, mng'arisha viatu, mvuvi, mwanamke na sindano yake. Mistari ikawa michache zaidi, nyuso zikawa kimya zaidi.

Wapo watakaosema kwamba huko kulikuwa kukimbia. Kwamba mtu aliyepigwa na siasa amejificha katika mambo madogo. Nimelisikia dai hilo darasani, na mara nyingi linatoka kwa wanafunzi wenye moyo mzuri, walio wanaharakati kweli, wanaotaka kila kazi ya sanaa iwe na ngumi iliyoinuliwa. Nawajibu hivi. Utawala ulioanza mwaka 1970 ulijaa picha za mtu mmoja. Uso wake ulikuwa katika kila ofisi, kila darasa na kila njia panda. Katika nchi ambayo uso mmoja umekalia kuta zote, kumchora mvulana muuza tiketi kwa ukubwa na utulivu uleule wa picha za watawala ni kutoa kauli. Ni kusema kwamba huyu naye anastahili ukuta. Kauli hiyo haina kelele, na ndiyo maana haikuweza kukamatwa wala kutumiwa na yeyote kwenye gwaride.

Mwaka 1977 aliuza nyumba yake akaenda Italia, labda akitafuta miaka ya ujana wake. Hakukaa sana. Alirudi Aleppo, na mwaka 1978 moto ulizuka kitandani kwake, akaungua vibaya. Alifariki kwa majeraha hayo mwishoni mwa mwaka huohuo, akiwa na miaka 44. Wengi husema ni sigara iliyomwangukia akiwa amelewa usingizi wa dawa za kutuliza. Wengine wamenong'ona kwamba alitaka mwenyewe. Minong'ono hiyo siioni kuwa na faida kwa marehemu wala kwetu. Inatosha kujua kwamba mtu aliyewapa heshima wapweke wa mji wake alikuwa peke yake saa ile.

Mwaka huohuo wa 1978, mchoraji kijana Youssef Abdelke alikamatwa kwa sababu za kisiasa na kufungwa hadi mwaka 1980. Baadaye alihamia Paris, akakaa uhamishoni kwa takriban robo karne. Aliporudi nyumbani alikamatwa tena Julai 2013, akaachiwa mwezi uliofuata. Agosti 2011, jijini Damascus, watu waliofunika nyuso walimteka mchora katuni Ali Ferzat, wakamvunja mikono, mikono ileile inayochora. Nayataja haya ili tusidhani kwamba kisa cha Kayyali ni cha mtu mmoja mwenye moyo mwepesi. Dola ile ilijua vizuri kazi ya mkono wa mchoraji. Kilichobadilika kutoka mwaka 1967 hadi 2011 ni kwamba kazi ya kumnyamazisha iliondoka mikononi mwa wahakiki ikaingia mikononi mwa wenye marungu.

Katika karne hii, picha za Kayyali zimekuwa bidhaa. Katika minada ya Dubai zimeuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola na zaidi. Mvulana muuza tiketi za bahati nasibu, ambaye pengine kwa siku nzima hakupata faida ya kununulia viatu, sasa ananing'inia katika sebule ambayo mlinzi wake asingemruhusu avuke geti. Siwalaumu wanunuzi. Baadhi yao wamezihifadhi kazi ambazo pengine vita vingeziteketeza, na hilo ni jambo la kushukuru. Nasema tu kwamba bei ya picha si kipimo cha kusikilizwa kwa mchoraji. Jamii inaweza kuilipia picha fedha nyingi na bado ikamfukuza mchuuzi yuleyule barabarani asubuhi inayofuata.

Na sasa tuitazame Aleppo yenyewe. Mwaka 2012 vita viliufikia mji ule na kuugawa sehemu mbili. Mwezi Septemba mwaka huo moto uliteketeza sehemu kubwa ya masoko yale ya kale ya matao ya mawe. Mapigano na mabomu yaliendelea hadi Desemba 2016, vitongoji vya mashariki viliporudi mikononi mwa serikali vikiwa magofu. Katika nchi nzima mamilioni waliyahama makazi yao, na zaidi ya watu milioni 5 walivuka mipaka kwenda Uturuki, Lebanon, Jordan na kwingineko. Katika mitaa ya Beirut na Istanbul walionekana watoto wa Kisyria wakiuza maua na karatasi za kujifutia, au wakiwa na kisanduku cha kung'arishia viatu. Mwanangu, angesema mama yule wa Aleppo, simama hapa uniambie mvulana huyu anafikiri nini.

Hivyo picha ya mwaka 1965 imegeuka na kuwatazama wenyewe. Msyria aliwachora Wapalestina wasio na pa kwenda, akauliza kisha nini. Nusu karne baadaye wajukuu wa watazamaji wake wakawa ndani ya picha. Na hata baada ya utawala wa ukoo wa Assad kuanguka tarehe 8 Desemba 2024, watu wakacheza mitaani na milango ya magereza ikafunguliwa, swali lile halikustaafu. Uhuru wa siku ya kwanza una nyimbo nyingi. Siku ya pili inahitaji maji, umeme, shule, mahakama, na mtu wa kumsikiliza mjane aliyekuja kuulizia mifupa ya mumewe.

Nikirudi kwa wanafunzi wangu na swali lao la wajibu wa msanii, jibu langu ni kwamba wajibu wa kwanza ni kuona. Kayyali hakuandika ilani, wala hakuasisi chama. Aliwaona watu mmoja mmoja, akawaona vizuri, na alipoona hatari alisema. Kosa halikuwa kwake kwamba habari ilikuwa mbaya. Kwa wanaharakati, kisa chake kinatukumbusha kwamba kadhia yoyote inaweza kufika mahali ikawapenda watu kwa ujumla wao na kumsahau huyu aliyesimama mlangoni. Hilo likitokea, hata ushindi unakuwa na ladha ya majivu.

Kwa watumishi wa umma nina ombi dogo zaidi, la kiofisi kabisa. Mezani kwenu hupita ripoti, takwimu, barua za wananchi na wakati mwingine hata kazi za sanaa zinazoomba kibali. Baadhi yake ni nyeusi kama mkaa. Kabla ya kuuliza kama zinatia moyo, ulizeni kama ni kweli. Kabla ya kuuliza nani kamtuma mwandishi wake, mtumeni mtu aende akaangalie. Mwaka 1967 Damascus ilikuwa na nafasi ya kufanya hivyo, mbele ya michoro 30 iliyokuwa wazi kwa kila mtu kuitazama. Ilichagua kujadili hali ya moyo ya mchoraji. Miezi miwili baadaye Golan ilikuwa imekwenda, na hadi leo haijarudi.